Miti ya Mapambo Isiyopukutisha Majani: Namna ya Kuihamisha na Kuitunza Mpaka Ishike

(Mazungumzo haya yalitolewa kwa wakazi, walimu na wanakamati wa zahanati katika mkutano wa wadi kabla ya mvua za mwaka. Yamechapishwa hapa kwa faida ya waliokosa kuhudhuria.)



Kuna zahanati moja huku kwetu pwani ambayo foleni ya kliniki ya watoto huanzia mlangoni na kuishia uani, juani. Ikifika saa nne asubuhi kina mama wameshawafunika watoto kwa leso, na benchi halikaliki kwa moto. Kamati ya zahanati iliona haya, ikachanga pesa na kununua miche 20 ya ashoki. Ni ile miti mirefu myembamba yenye majani yanayoning'inia, ambayo wengi wenu mmeiona kwenye nyua za hoteli na misikiti. Ilipandwa wiki ya pili ya Desemba. Watu walipiga picha, wakanywa soda, wakaenda zao. Kufikia mwisho wa Machi, miche 6 tu ndiyo iliyokuwa hai.

Mbuzi hawakuila, wala hakuna aliyeing'oa. Tena ilikuwa ikimwagiliwa maji kila jioni na mlinzi wa zahanati, mtu mwenye bidii ambaye hakuwa amelipwa hata shilingi moja kwa kazi hiyo. Yafaa kujua ilikufa kwa nini, kwa sababu makosa yaliyofanyika pale yanafanyika shuleni, kwenye afisi na katika nyumba nyingi za watu.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba miti yote ni sawa inapohamishwa. Mti unaopukutisha majani una msimu wake wa kupumzika. Mbuyu ni mfano mzuri: wakati wa kiangazi unabaki matawi matupu, na shina lake limehifadhi maji. Lakini ashoki, mvinje, mwembe na mzambarau haina msimu wa namna hiyo. Majani yako juu mwaka mzima, na kila jani lina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho ambavyo hupitisha maji kwenda hewani kila jua linapowaka. Mti ukihamishwa, vijizizi vidogo kama nywele, ambavyo ndivyo hasa vinavyonywa, hukatika. Juu unapoteza maji kama kawaida, chini hauwezi kunywa. Mambo yote yatakayosemwa leo, kuanzia msimu wa kupanda hadi makumbi ya nazi, yanatokana na hilo moja.

Wapo wanaouliza: mbona ile mibuyu mikubwa ya Kilifi iling'olewa mwaka wa 2022 ili isafirishwe hadi Georgia, na mtu akitaka kuhamisha mwembe wake hatua 20 anaambiwa utakufa? Suala la mibuyu lilizua mjadala mkubwa hata Rais akaagiza lichunguzwe Novemba mwaka huo, na mjadala wenyewe si wa leo. Kwa upande wa mti tu, jibu ni kwamba mbuyu unaweza kukaa bila majani na ukaishi kwa akiba yake. Mwembe hauwezi. Hata kule Nairobi, ule mkuyu mkubwa wa Waiyaki Way uliokuwa kwenye njia ya barabara ya Expressway ulipangiwa kuhamishwa mwaka wa 2020. Mwishowe ikaamuliwa ubaki pale pale. Mti mzima wenye umri wa miaka mingi si kabati la kusogeza.

Sasa turudi kwenye zile ashoki. Desemba ni mlango wa kaskazi. Upepo ni mkavu, jua ni kali, na mvua za vuli, hata zikiwa nzuri, zimekwisha au zinakwisha. Mche uliotoka kitaluni unahitaji wiki nyingi za udongo wenye unyevu kabla haujaachiwa jua. Huku pwani wakati wa kuaminika ni mvua za mwaka, Aprili na Mei, tena si siku ya mvua ya kwanza. Subiri mvua ziloweshe ardhi. Chimba mpaka kina cha kiwiko, uchukue udongo wa chini na kuufumbata mkononi. Ukishikamana, panda. Ukimwagika kama unga, ngoja. Kwenye mchanga mtupu wa karibu na bahari udongo haushikamani kamwe, hivyo hapo tazama rangi: mchanga wenye maji ni mweusi kidogo na ni baridi ukiugusa.

Wengine watakumbuka kwamba siku ya mapumziko ya kitaifa ya kupanda miti mwaka wa 2023 ilikuwa tarehe 13 Novemba. Mwaka ule mvua za El Niño zilinyesha kwa wingi na miche ikapata maji ya kutosha mwanzoni. Vuli ya namna hiyo haiji kila mwaka. Anayepanda Novemba na apange mapema maji ya Januari, Februari na Machi yatatoka wapi, na nani atayabeba.

Kuhusu kununua mche, watu huchagua mrefu kwa sababu unaonekana umekua. Chagua mfupi mnene. Mche mrefu mwembamba kwenye mfuko mdogo umekaa kitaluni muda mwingi kupita kiasi, na mizizi yake imeanza kuzunguka ndani ya mfuko kama kamba kwenye ndoo. Uinue utazame chini: ukiona mzizi mnene umetoka tundu la mfuko na kuingia ardhini, uache. Muulize mwenye kitalu mche umekaa nje ya kivuli kwa muda gani. Kama ulikuwa chini ya neti mpaka leo asubuhi, upeleke nyumbani uuzoeshe jua kidogo kidogo kwa wiki mbili kabla ya kuupanda.

Asiye na pesa asikate tamaa. Chini ya ashoki kubwa, popo hula matunda na kuangusha mbegu, na mvua zikinyesha miche huota yenyewe kwa wingi. Iombe kwa mwenye mti. Ing'oe ikiwa na majani mawili au manne tu, jioni, kwa kijiko au panga dogo, pamoja na bonge la udongo, uiweke kwenye mifuko chini ya kivuli. Ukitaka kupanda mbegu, panda mbichi. Mbegu ya ashoki iliyokaa kabatini miezi michache haioti.

Ile miche iliyokufa zahanatini ilipofukuliwa, yalionekana mambo mawili. Mitatu ilikuwa bado imevaa mfuko wa nailoni. Aliyepanda alipasua upande mmoja tu, akadhani mizizi itajitafutia njia. Iliyobaki ilivuliwa mifuko, lakini mizizi ilikuwa imejisokota mviringo na haikunyoshwa. Mti wa namna hiyo una hatari mbili. Unaweza kufa kaskazi ya kwanza kwa sababu mizizi haikutoka kwenye lile bonge. Au, jambo baya zaidi, unaweza kuishi. Utapendeza miaka minane au kumi, huku mizizi ikijikaba yenyewe na mti ukiwa hauna nanga, kisha siku moja upepo wa kusi uulaze juu ya paa au juu ya watu. Kwa hiyo vua mfuko wote. Mizizi iliyozunguka, ifumue kwa vidole; ile isiyofumuka, ikate kwa kisu kikali kutoka juu kwenda chini mahali patatu au panne. Inaonekana ni ukatili, lakini mzizi uliokatwa hutoa mingine inayokwenda mbele.

Jambo la pili lilikuwa kina. Miche ilikuwa imezikwa, shina likiwa ndani ya udongo kiasi cha kiganja kizima. Watu hudhani kuzamisha mche kunauzuia kuanguka. Shina si mzizi. Likifukiwa kwenye unyevu huoza gome, na mizizi hukosa hewa. Itafute shingo ya mti, pale shina linapoanza kutanuka kuwa mizizi, na uhakikishe iko sawa na uso wa ardhi. Shimo liwe na kina cha bonge la mizizi tu, lisizidi, ili mti usije ukadidimia. Upana ndio wa kuongeza, mara mbili au tatu ya bonge. Kwenye mawe ya matumbawe hii ni kazi ya mtaimbo na siku nzima, lakini mti uliopandwa kwenye kitundu cha mwamba ni sawa na mti uliopandwa kwenye sufuria. Kabla ya kupanda, jaza shimo maji. Yakiwa bado yamesimama kesho yake asubuhi, tafuta mahali pengine.

Rudisha udongo ule ule uliouchimba. Ukitaka kuongeza samadi, iwe kuukuu iliyooza ikawa kama udongo, tena kidogo. Samadi mbichi huunguza mizizi na huita mchwa. Shindilia kwa mkono, si kwa kisigino. Panda jioni, si saa sita mchana.

Tumefika kwenye maji, na hapa ndipo yule mlinzi alipopata somo lake. Zahanati ina kisima, naye alikuwa akichota hapo. Majani yakaanza kuungua ncha, kahawia ikiingia kutoka ukingoni kwenda katikati. Akaongeza maji. Yakaungua zaidi. Bibi mmoja jirani aliyekuwa akipita na ng'ombe wake akasimama.

"Mwanangu, kisima hicho hata ng'ombe wangu hawakinywi."

"Sasa nitayatoa wapi mengine, bibi?"

Akamwonyesha paa la zahanati kwa fimbo.

Maji ya kisima kile yana chumvi. Kila jioni mlinzi alikuwa akiweka chumvi kwenye mizizi, jua likivuta maji na kuiacha chumvi pale pale. Visima vingi karibu na bahari viko hivyo, hasa mwishoni mwa kaskazi. Mvinje huvumilia, mkungu pia huvumilia kiasi chake, lakini ashoki haipendi. Kama huna maji matamu ya kutosha, usipande ashoki. Kama unayo kidogo, yatumie vizuri: mifereji kwenye paa na tangi la mvua, maji ya kuoshea mchele na mboga, hata maji ya kusuuzia nguo yenye sabuni kidogo. Yenye dawa ya kuondoa madoa yasiguse mti.

Kipimo ni hiki. Tengeneza ukingo wa udongo kuuzunguka mche kama sinia. Wiki mbili za kwanza, kama hakuna mvua, mpe mche mmoja lita 10 kila baada ya siku moja. Baadaye mara mbili kwa wiki, lakini lita 20, polepole, ili maji yashuke. Kunyunyiza kikombe kila jioni kunalowesha vumbi tu, na mizizi hubaki juu ikiyafuata maji hayo machache. Chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, ikatobolewa kifuniko na kufukiwa mdomo chini karibu na mche, huyapeleka maji kule yanakotakiwa. Endelea hivyo kaskazi ya kwanza na ya pili. Mti mingi ya mapambo hufa kaskazi ya pili, wakati kila mtu ameshasema, "Huu umeshika."

Funika udongo. Makumbi ya nazi huku kwetu hutupwa au kuchomwa, na hayo ndiyo matandazo bora kabisa. Tandaza unene wa vidole vinne, uyaache mbali kidogo na shina ili gome lisioze. Hapa kuna mvutano na desturi: uwanja msafi kwetu ni uwanja uliofagiliwa kwa ufagio wa chelewa mpaka udongo ung'ae. Fagia njia, fagia mlangoni, lakini chini ya mti acha majani yake.

Anayetilia shaka faida ya majani na atembelee Haller Park, Bamburi. Pale palikuwa machimbo ya mawe ya saruji, mwamba mtupu wenye chumvi. René Haller alipoanza kupanda miti mwaka wa 1971 alijaribu aina 26, na ni 3 tu zilizoishi. Mvinje ulikuwa mmoja wao. Mvinje unasaidiwa na vijidudu wanaoishi kwenye mizizi yake na kuipatia chakula kutoka hewani, ndiyo maana anayeotesha mivinje huchanganya kwenye udongo wa kitalu konzi moja ya udongo kutoka chini ya mvinje mkubwa. Majani yake membamba yalipoanguka hayakuoza, yakarundikana. Haller akaona majongoo wakiyala, akaleta majongoo kwa wingi. Kinyesi chao ndicho kilichoanza kutengeneza udongo, na leo pana msitu. Kwa hiyo mtu akikuta majongoo chini ya mvinje wake, awaache wafanye kazi.

Kwa wenye mti uliokwisha kukua kiasi na ni lazima uhamishwe, labda kwa sababu nyumba inajengwa: inawezekana kama shina halizidi unene wa kifundo cha mkono, na kama una subira. Bonge la mizizi liwe na upana mara 10 hadi 12 ya unene wa shina. Shina la sentimita 5 linataka bonge la sentimita 50 hadi 60, na bonge hilo likiwa na unyevu wanaume wanne watalihangaikia. Miezi mitatu au minne kabla ya kuhamisha, chimba mtaro nusu ya duara kuuzunguka mti, ukate mizizi kwa panga kali, ufukie na kumwagilia. Wiki sita baadaye kata nusu nyingine. Ndani ya duara mti utaota vijizizi vipya ambavyo utaondoka navyo. Siku ya kuhamisha, funga bonge kwa gunia na kamba, na uubebe mti kwa kushika bonge, kamwe usiushike shina. Ukifika, uweke kwenye shimo lililochimbwa tayari, ufungue gunia, na uuwekee kivuli cha makuti upande wa magharibi kwa mwezi mzima. Kata matawi yaliyovunjika tu. Kuupara mti majani yote ili "upumzike" ni kuunyima chakula cha kuotesha mizizi. Na kwa ashoki, usikate kilele. Umbo lake halitarudi.

Anayetaka kung'oa mti msituni na kuuleta kwake aanze na afisi ya misitu. Bila kibali ni kosa.

Upepo wa kusi huanza pale pale mvua za mwaka zinapoanza. Mche ukiyumba sana, weka kijiti upande wa kusini na uufunge kwa kitambaa, mlegezo. Waya hukata gome. Uondoe baada ya mwaka mmoja, maana mti usioyumbishwa kidogo hauimariki shina.

Baada ya kuhamisha, mti utaangusha majani. Usiogope mapema. Majani yanayogeuka manjano na kuanguka yenyewe yanaonyesha mti uko hai na unapunguza mzigo. Majani yanayokauka na kubaki yameng'ang'ania tawi ndiyo ya kutia wasiwasi, kwa sababu tawi limekufa kabla ya kuyaachilia. Kwaruza gome kwa ukucha: kijani ni uhai. Kabla ya kuongeza maji ingiza kidole ardhini, kwani mti uliolowa kupita kiasi hunyauka vile vile kama wenye kiu.

Lipo jambo moja kuhusu mahali pa kupanda. Mikuyu na jamii yake ya mapambo huinua sakafu na kuingia kwenye mabomba na mashimo ya maji taka. Iwe mbali na nyumba. Mvinje hufikia mita 30, usipandwe chini ya waya za umeme. Na ashoki, pamoja na uzuri wake wote, ni mti wa ukuta na wa njia. Kivuli chake ni chembamba kama cha mlingoti.

Hilo kamati ya zahanati imelielewa. Zile ashoki 6 zimebaki kando ya ua wa mbele. Mwembe ulipendekezwa kwa ajili ya foleni, ukakataliwa kwa sababu watoto wataupiga mawe na paa ni la mabati. Umechaguliwa mwarobaini, miche 4, mmoja kila upande wa mabenchi mawili, na yeyote atakayeupanda nyumbani aifagie ile miche midogo inayoota yenyewe, kwa sababu husambaa. Mashimo yamechimbwa tayari, mapana, kina cha kiwiko. Tangi la lita 5,000 limefungwa kwenye mfereji wa paa, na mlinzi sasa ana malipo ya kazi ya maji kutoka kwenye mfuko wa kamati, kwa miezi ya kaskazi, kwa miaka miwili. Makumbi ataleta yule bibi mwenye ng'ombe. Kinachongojewa ni mvua.